Mwenyekiti Anaomba Baraka

Mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Urithi wa Kifaransa cha Lewiston, na Kifaransa sikijui. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu, Peggy, ananilaumu kwamba kila ninapohadithia jambo, aibu yangu naiweka mwisho, wakati watu wameshaanza kutafuta makoti yao.

Nikisema sikijui kabisa nitakuwa natia chumvi. Nakijua cha mtoto wa miaka saba. Nyumbani kwetu Kanada Ndogo, mtaa wa watu wa viwandani waliohamia kutoka Kanada, ghorofa ya tatu, hatukuongea kitu kingine, mpaka nilipoanza kucheza mpira wa magongo na watoto wa ng'ambo ya mfereji, nikasikia wenzangu wanaitwa nyumbani kwa Kiingereza. Nikamwambia mama asinipigie tena kelele za Kifaransa dirishani, wenzangu wananicheka. Mama hakugomba. Kuanzia siku ile alikuwa anagonga sufuria. Lugha yangu ikakwama palepale, na hadi leo naweza kuomba maziwa, kumsingizia dada yangu, kulalamika tumbo linauma na kuuliza kama tumeshafika. Kwa mtu wa miaka sitini na sita haya si maneno mengi, ingawa lile la tumbo naona matumizi yake yanaongezeka.

Uenyekiti niliupata nikiwa chooni. Siku ya uchaguzi nilitoka kidogo, na niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi. Wengine wote walikuwa wamekataa, na mimi peke yangu sikuwepo kukataa. Isitoshe nilikuwa na duka la matairi, na nyuma ya duka kulikuwa na nafasi ya kuweka viti vya chama.

Kazi kubwa ya mwenyekiti ni hotuba ya Kifaransa ya kila mwaka mwezi wa Juni. Katibu wetu wa kwanza, marehemu sasa, aliniandikia moja nzuri sana, nami nikaikariri. Nimeitoa hotuba hiyo mara kumi na moja. Ninachobadilisha ni mwaka tu. Katikati kuna aya ambayo mpaka kesho sijui inasema nini, lakini ninapoifikia huinua mkono wa kulia, na watu huguswa mno. Baba yangu, Adélard Levasseur, alikuwa akikaa mstari wa mbele. Alifuma vitambaa kiwandani miaka arobaini na minne na Kifaransa ndicho alichozaliwa nacho, ndicho alichokuwa akikohoa nacho. Makofi alikuwa akipiga mawili, kisha anaangalia viatu vyake.

Sasa nifike kwenye goti.

Kwetu sisi, asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla mtu hajagusa chakula, mtoto wa kwanza anapiga goti mbele ya baba na kuomba baraka kwa niaba ya nyumba nzima. Anaomba kwa Kifaransa. Baba anainua mkono, anasema maneno yake, anachora msalaba hewani, na hapo mwaka umefunguliwa. Mtoto wa kwanza asipoomba, hakuna mwingine wa kuomba badala yake. Wala baba hatoi bila kuombwa, hata awe na hamu kiasi gani. Ndivyo wazee walivyokuta na ndivyo walivyotuachia.

Mtoto wa kwanza ni mimi.

Mama yangu, Blanche, alikuwa akisimama nyuma yangu na kuninong'oneza maneno, mimi nayarudia. Tulifanya hivyo nikiwa na miaka sita, tukafanya hivyo nikiwa na hamsini na sita na kitambi juu yake. Watu wote chumbani walidhani najua. Nilianza hata kudhani mwenyewe.

Halafu mama akaugua, akalala kitandani miezi kumi na minne, na hapohapo kitandani ndipo aliponinong'oneza mara ya mwisho, akafariki mwezi wa kumi. Mwaka Mpya uliofuata tulikusanyika kama kawaida. Baba akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Watu wakanyamaza, macho yote kwangu. Nikasubiri mnong'ono nyuma ya sikio. Haukuja. Nikatazama zulia, nikatazama dari, kisha nikasema kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Jamani, pai inapoa."

Watu wakaenda kula. Wakasema maskini Conrad, uchungu wa mama. Mwaka wa pili wakasema bado ana uchungu. Mwaka wa tatu hakuna aliyesema kitu, na mimi nilifika nimechelewa makusudi, nikakuta wameshaanza kula. Baada ya hapo ikawa mazoea. Miaka tisa familia nzima imeishi bila baraka kwa sababu mwenyekiti wa urithi anaogopa sentensi moja. Baba hakuwahi kulitaja, na kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza.

Novemba mwaka jana dada yangu Muriel akanipigia simu.

"Kaka, umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri. Nimetoka na baba kwa daktari. Moyo umechoka. Daktari hakutaja tarehe, lakini alivyonishika bega nilielewa."

Baba alikuwa na miaka tisini na mmoja, na mimi bado nilikuwa sijajiandaa.

"Mwaka Mpya huu utaomba," Muriel akasema.

"Nitaomba nini?"

"Usijitie hamnazo, Conrad! Nina wajukuu wawili hawajawahi kubarikiwa tangu wazaliwe. Mkubwa ana miaka minane. Juzi namuuliza Mwaka Mpya ni siku ya nini, ananiambia siku ya pai!"

"Kwa nini usiombe wewe?"

"Kwa sababu mimi si wa kwanza. Nikipiga goti mimi, baba ataniuliza wewe umekufa lini. Na Kifaransa changu unakijua, nina matusi matatu tu, na yote nilifundishwa na wewe."

"Muriel, ngoja nikuambie ukweli..."

"Sitaki ukweli, nataka baraka. Usipoomba mwaka huu, baba akaondoka hivihivi, kwangu usikanyage tena. Nakuapia kwa kaburi la mama." Akakata simu.

Muriel huapa mara nyingi, lakini kaburi la mama hakuwahi kuligusa.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa baba yake, dakika kumi kwa gari, akamwambia: baba, nifundishe. Mimi nilikwenda maktaba kujiandikisha darasa la jioni. Ningemwambiaje baba kwamba mwenyekiti hajui kuomba maziwa ya watu wazima?

Mwalimu alikuwa mama mmoja wa kutoka Ufaransa yenyewe, mji wa Tours, jina lake Bi Giraudet, mwembamba, nadhifu, ana skafu ambayo haikuwahi kulegea. Siku ya kwanza alitaka kila mmoja ajitambulishe. Nilipomaliza kujitambulisha kwa Kifaransa cha jikoni kwetu, alifunga mikono kifuani akatabasamu.

"Bwana Levasseur, hili neno ulilosema la viatu, umelitoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Linapendeza sana! Kwetu watu waliliacha wakati wa wafalme."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wao, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Kisha nikamwomba anifutie hayo maneno ya mama moja baada ya lingine na kunipa ya kisasa. Nasema haya nikiwa nimekaa mbali na picha ya mama.

Nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Kufikia katikati ya Desemba Bi Giraudet alikuwa amenisaidia kuandika ombi la baraka, aya nzima, lenye unyenyekevu uliotukuka, na hisani ya hali ya juu, na kitenzi kimoja kirefu ambacho alisema hata Ufaransa watu wachache huthubutu kukitumia. Nililikariri gereji, katikati ya matairi ya theluji, nimepiga goti juu ya kipande cha zulia kwa sababu goti langu la kushoto ni bovu. Siku moja Peggy akafungua mlango.

"Unaongea na nani humu?"

"Na baba."

"Mbona kama unaomba mkopo benki?"

"Ndiyo lugha yenyewe hiyo, Peggy. Lugha safi."

"Mimi kwetu Waayalandi, lugha yetu ilishatupotea, tukalia, tukatulia. Nyie yenu mmeiweka chumba cha wagonjwa mahututi, kila saa mnaipima joto." Akafunga mlango, kisha akaufungua tena. "Goti linakuuma?"

"Linauma."

"Pole," akasema, akaniletea mto.

Siku ya Mwaka Mpya kulikuwa na theluji mpaka kwenye vioo vya magari. Baba alikuwa bado anaishi Kanada Ndogo, jengo lilelile, ghorofa ileile, na ngazi zake ziko nje, zimening'inia ukutani kama zilivyotundikwa na watu waliokuwa na haraka. Nilipanda nikiwa nimevaa suti, ombi langu likiwa mfukoni endapo litanitoka kichwani. Ndani tulikuwa kumi na tisa katika sebule ya watu sita. Harufu ya pai ya nyama ya nguruwe na karafuu ilikuwa imejaa hadi kwenye mapazia. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa tai, amechanwa nywele kwa maji. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Muriel alisimama mlangoni pa jikoni amekunja mikono. Nadhani alikuwa anailinda pai nisije nikaitaja.

Akanitolea macho. Nikamtolea yangu. Nikasogea mbele, nikashika mkono wa kiti, nikapiga goti, na goti likatoa mlio uliosikika na kila mtu.

Kisha nikaomba.

Jamani, niliomba! Sikukosea hata mahali pamoja. Unyenyekevu uliotukuka ukatoka, hisani ikatoka, na kile kitenzi kirefu kikapita ulimini kama samaki aliyepakwa mafuta. Nyuma yangu nilisikia mtu anavuta pumzi kwa kustaajabu. Nilijisikia fahari ambayo sikuwahi kuisikia hata siku nilipouza matairi ya kikosi kizima cha zimamoto. Nikamaliza, nikainamisha kichwa, nikasubiri mkono.

Mkono haukuja. Baba akajiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiingereza, kile Kiingereza chake cha kiwandani alichokuwa akikitumia kwa wakaguzi na watu wa bima:

"Asante sana kwa kututembelea, bwana. Muriel, mgeni apewe kiti."

Hakuna aliyecheka, na ndiyo sababu nilijua mambo ni mabaya. Mjukuu mmoja wa Muriel aliuliza kwa sauti kama babu amechanganyikiwa, akafinywa. Muriel uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilijua anachofikiria: nimechelewa, baba hanijui tena, na yote ni kwa sababu yangu. Nami nilifikiria hivyohivyo.

"Nendeni jikoni," baba akasema. "Wote. Mimi na bwana huyu tuna mazungumzo. Msiikate pai."

Wakatoka. Mlango ukafungwa, na nyuma yake nilisikia watu kumi na saba wanajitahidi kutopumua.

"Baba," nikasema, "mimi ni Conrad."

"Najua wewe ni Conrad. Goti lako nimelisikia tangu ngazi ya pili." Sasa alikuwa amekasirika. "Wewe nakujua. Yule aliyekuwa anaongea ndiye simjui. Nani kakufundisha kuongea hivyo?"

"Kuna mwalimu. Wa Ufaransa."

"Nimemtambua. Tulikuwa na padri wa huko zamani, nilipokuwa kijana. Ukiungama anakusahihisha. Nilimwambia nimeiba maapulo, akaniambia namna ya kusema vizuri kwamba nimeiba maapulo. Nikatoka na dhambi ileile, nimevishwa tai." Akapangusa mdomo. "Watu wa lugha hiyo sisi tuliwajibu kwa Kiingereza. Kwenye Kiingereza angalau hakuna wa kukucheka."

"Sikutaka kukuaibisha, baba. Nilitaka iwe nzuri."

"Kwa nini?"

Hapo nikaumwaga ukweli wote. Nikamwambia mimi Kifaransa sina. Kwamba nilikuwa nanong'onezwa na mama. Kwamba hotuba ni ya kukariri na katikati sijui ninasema nini.

"Nani asiyejua?" baba akasema. "Ukifika pale katikati unafumba macho kama mtoto anayemeza mafuta ya samaki."

"Na watu wengine wanajua?"

"Nusu yao hawaelewi. Nusu nyingine wanakuonea huruma, maana nao wana watoto."

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni miaka tisa: kwamba nimemnyima haki yake. Kila Mwaka Mpya alivaa tai, akakaa kwenye kiti kile akisubiri kuombwa, na mimi nikajificha nyuma ya pai. Nikamwambia nisamehe. Nilikuwa nalia, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama, makamasi yaliniteremkia kwenye tai mpya.

Baba akatazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa theluji na ukuta wa jirani.

"Mwaka ule wa kwanza," akasema hatimaye, "uliposema pai inapoa, nilikushukuru."

Nikainua kichwa.

"Sikuwa na baraka ya kutoa, Conrad. Miezi kumi na minne nilimwombea mama yako. Asubuhi, mchana, usiku, mpaka rozari ikakatika nikaifunga kwa uzi wa kiwandani. Sikujibiwa hata nusu neno. Alipokufa, nikamwambia Mungu basi, na mimi sitakuongelesha. Ningeinua mkono juu yenu siku ile ningewapa nini? Ningewaambukiza hasira yangu." Alikuwa anaongea polepole, kwa Kiingereza ili nielewe. "Kila Mwaka Mpya nilivaa tai na kukaa hapa, roho juu. Naomba usiombe. Naomba usiombe."

"Ulikuwa unamwomba nani?"

Akafikiri. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na nikaogopa ni moyo, kumbe anacheka.

"Hilo nalo sikuwahi kujiuliza," akasema.

"Baba! Miaka tisa Muriel ananitafuna mbichi! Sikukuu zote! Na wewe umekaa hapo unakula pai!"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Ulikuwa unakula!"

"Nilikula huku nakuonea huruma."

Nilikasirika kweli, nataka ieleweke hivyo. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na wepesi ambao sikuujua tangu mama afariki. Nikamtazama mzee yule na shingo yake ndani ya kola, miaka tisini na mmoja, hana mtu wa kumwomba. Na nyuma ya mlango walikuwepo watu kumi na saba wenye njaa.

"Basi sikiliza," nikamwambia. "Kama huna, huna. Nitatoka niwaambie nimeharibu. Nitasema nilikosea maneno ukachukia. Wataamini mara moja."

"Muriel atakufukuza."

"Atanifukuza. Mimi kuonekana mjinga mbele ya Muriel si kazi ngeni, baba. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri bila kukariri."

Baba akanitazama. Ni muda mrefu alikuwa hajanitazama hivyo, usoni, bila kushuka hadi kwenye viatu.

"Basi inuka uende," akasema.

Nikajaribu. Nikashika kiti, nikasukuma, nikajaribu kwa upande mwingine.

"Siwezi," nikasema. "Limejifunga."

Akacheka tena, akacheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho, na baada ya muda sikujua kama bado ni kicheko. Akaniwekea kiganja kwenye bega, nadhani kunisaidia, ingawa hakuwa na nguvu ya kuinua hata gazeti.

"Omba," akasema.

"Si umesema huna?"

"Omba, kabla sijabadilisha mawazo. Omba kama ulivyokuwa unaomba maziwa." Kisha akapaza sauti: "Muriel! Waite watu!"

Wakaingia haraka mno kwa watu waliokuwa wamekaa mbali na mlango. Wakapiga magoti pale walipopata nafasi, wengine kwenye zulia, wengine juu ya viatu vya wenzao. Peggy akaniwekea kiganja mgongoni. Nami nikaomba kwa kile nilichonacho, kile kilichokwama nikiwa na miaka saba. Nilisema: Baba, tupe mkono wako, tafadhali. Sisi sote. Tafadhali, Baba. Hakuna zaidi. Mtoto wa darasa la pili angeona haya kusema vibaya vile.

Baba akainua mkono. Ulikuwa mzito kwake, akaushika kifundo kwa ule mwingine. Akaanza kuongea, na mara nikagundua kwamba hayakuwa yale maneno ya zamani ya kila mwaka. Alikuwa anaongea Kifaransa cha jikoni, cha kuomba maziwa, na wala hakuwa anaongea na sisi. Alikuwa anatazama dari. Nilielewa kila neno, na humo ndani nilikuwa peke yangu.

Alisema: "Wewe. Tumenuniana miaka tisa, na bado sijakusamehe. Ulimchukua Blanche nikiwa bado namhitaji, na hukuniambia hata kwa nini. Lakini huyu mjinga wangu amepiga goti, na goti lake ni bovu, na siwezi kumrudisha mikono mitupu mbele ya watoto hawa. Kwa hiyo wabariki hawa. Wote. Wape afya na wape kazi, na wasije wakalala peke yao kama ninavyolala mimi. Mimi niache. Mimi na wewe tuna maneno yetu, na naona tutayaongea karibuni."

Akachora msalaba juu yetu, taratibu, akashusha mkono.

Watu wakaitikia amina. Peggy alikuwa analia. Yule mjukuu wa miaka minane alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote, asije akapitwa na kitu. Wapwa zangu wawili wakanishika kwapani wakaninyanyua kama gunia, na Muriel, macho mekundu, akanivuta kando ya kabati.

"Amesema nini? Ilikuwa ndefu kuliko zile za zamani. Nimesikia jina la mama. Amesema nini, kaka?"

Nikamtazama baba juu ya bega lake. Alikuwa anafungua kifungo cha koti. Hakunikonyeza wala kutikisa kichwa. Aliniachia mwenyewe.

"Sikushika," nikasema. "Kilikuwa Kifaransa cha zamani sana."

"Hata kidogo?"

"Nimeshika amina."

"Mwenyekiti!" Muriel akasema kwa nguvu, sebule nzima ikageuka. "Jamani, mnamsikia mwenyekiti wetu? Kashika amina!"

Walicheka wote, mpaka watoto, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha tukaenda kula.

Baba alifariki mwezi wa tatu, asubuhi, kwenye kiti chake. Kanisani Muriel alisimama mbele kusema machache. Alisema ana huzuni lakini hana wasiwasi, maana baba ameondoka akiwa na amani kamili na Mungu wake, na sisi sote tulimsikia kwa masikio yetu siku ya Mwaka Mpya. Kisha akanitazama mimi, nadhani ili nithibitishe kwa cheo changu. Watu wa chama waliokaa nyuma yangu nao wakasubiri. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.